Maswali ya Wasomaji: Tundu la Hedifoni

SWALI: Nimenunua LG V30 iliyotumika kwa ajili ya muziki tu. Hedifoni zangu kubwa za omu 32 zinatoa sauti ndogo hata nikifungulia hadi mwisho, ilhali za rafiki yangu, za omu 250, zinavuma kwenye simu hiyohiyo. Nimeuziwa kimeo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Simu yako ni nzima. Kila unapochomeka pini, V30 hupima kwa omu ukinzani wa kilichochomekwa, yaani kinavyozuia umeme. Chini ya omu 50 inakichukulia kama hedifoni ya kawaida na kubana volti. Kati ya 50 na 600 inafungua nguvu hadi karibu volti 2. Ikizidi 600 inaamini umeunganisha amplifaya. Hedifoni za rafiki yako zimeangukia kundi la pili, zako la kwanza.

Angalia kwanza kama Quad DAC, chipu ya simu inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya hedifoni, imewashwa kwenye mipangilio ya sauti. Pini isipokuwa tunduni huwezi kuiwasha. Ikiwa imewashwa na sauti bado ni hafifu, tafuta waya wa kurefusha wa milimita 3.5. Uchomeke mtupu, simu iuone kama amplifaya, kisha shusha sauti kabisa ndipo uunganishe hedifoni kwenye ncha ya pili. Usiruke hatua ya kushusha: hali hiyo hailindi masikio. Ukichomoa waya kwenye simu, unaanza upya.

Kuna wanaoongeza rezista, kipande cha kuongeza ukinzani, katikati ili kuidanganya simu. Hatushauri. Ukinzani wa hedifoni nyingi hubadilika kulingana na masafa ya sauti (nzito au nyembamba), hivyo rezista huvuruga uwiano wa besi na sauti za juu, na ubora uliolipia unaishia hapo.

Kwa anayetaka kununua: LG ilitangaza mwaka 2021 kuacha biashara ya simu, kwa hiyo usitarajie masasisho. Jihadhari zaidi na simu ya LG G6, kwani toleo la Marekani halina Quad DAC hata kidogo. Kwenye V30, fungua picha ya kijivu uone kama kioo kina madoa ya kuungua.

SWALI: Je, Quad DAC inaboresha hedifoni za Bluetooth?

JIBU: Hapana. Hizo zina chipu yake ndani.

SWALI: Nikisikiliza taarabu kwa waya, vyombo vinasikika lakini mwimbaji yuko mbali kama yumo kisimani. Nibadilishe simu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Bado. Waya wa ardhi, yaani njia ya kurudishia umeme inayotumiwa na spika zote mbili za hedifoni, haugusi. Ardhi ikikatika, spika ya kushoto na ya kulia hubaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na unachosikia ni tofauti kati ya pande hizo mbili. Mwimbaji hurekodiwa sawa pande zote, kwa hiyo ndiye anayefutika.

Vua kava ujaribu tena. Kava nene huzuia pini kufika mwisho. Kisha zima simu na utoe vumbi lililoshindiliwa tunduni kwa kijiti cha meno cha mbao kilichochongwa chembamba. Sindano hupinda miguso ya ndani, na kupuliza kwa mdomo huingiza unyevu. Kama tatizo lipo bado na hedifoni zina maiki, bonyeza kitufe chake bila kuachia. Mwimbaji akirudi, pini imepangwa kwa mfumo wa zamani ambapo ardhi na maiki zimebadilishana nafasi. Tundu halina kosa. Nunua adapta ya OMTP (mfumo huo wa zamani) kwenda CTIA (mfumo wa sasa).