Asilimia ya Nini? Maswali Yenu na Majibu Yangu

Maswali mliyoniletea safari hii ni mengi, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: mtu ananitajia asilimia bila kusema ni asilimia ya nini. Ni kama mtu aje akuambie amekula nusu, kisha anyamaze. Nusu ya nini? Tuanze na mepesi.

Shikamoo mwalimu. 35% ya 240 ni ngapi, na naweza kuipata bila kikokotoo?

Marahaba. Ni 84. 10% ya 240 ni 24, hapo unasogeza nukta tu. 30% ni 24 mara tatu, yaani 72. 5% ni nusu ya 24, yaani 12. Jumlisha 72 na 12. Anayekwama hapa hakukwama kwenye asilimia, amekwama kwenye jedwali la kuzidisha. Arudi huko kwanza.

Na 16% ya 25?

Igeuze iwe 25% ya 16. Robo ya 16 ni 4. Kuzidisha hakujali nani ametangulia, kwa hiyo majibu ni yaleyale.

Mwanangu ameniuliza kwa nini tunazidisha kwa 100. Nikamwambia ndiyo kanuni.

Afadhali ungenyamaza, mzazi mwenzangu. Hilo "ndiyo kanuni" limewafukuza watu kwenye hisabati kuliko mtihani wowote. Neno lenyewe linajieleza: asili ni ile namba ya chini ya sehemu, na katika asilimia namba hiyo ni mia. Tuseme waliofaulu ni 18 kati ya 24. Tunachouliza ni hiki: kama wote wangekuwa 100 badala ya 24, waliofaulu wangekuwa wangapi kwa uwiano uleule? 18 kugawanya kwa 24 ni 0.75, na 0.75 ya mia ni 75. Basi. Tunahamishia kila kitu kwenye mia ili tuweze kulinganisha darasa la watu 24 na darasa la watu 37 bila kuumiza kichwa. Wazo hili ni la kale sana. Kaisari Augustus wa Roma alitoza kodi ya moja ya mia kwa vitu vilivyouzwa mnadani, karne nyingi kabla alama ya % haijachorwa. Mwambie mtoto hivyo, ataelewa.

Kutoka 80 hadi 100 ni badiliko la asilimia ngapi? Mimi nimepata 20, rafiki yangu 25.

Rafiki yako amepata. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado linakuja kila mara likiwa limebadilishiwa namba tu. Tofauti igawanywe kwa thamani ya awali, yaani kule ulikoanzia. Umeanzia 80: 20 kugawanya kwa 80 ni 25%. Wewe umegawanya kwa 100 kwa sababu kugawanya kwa 100 ni rahisi, si kwa sababu ni sahihi. Jibu lako la 20% ni la safari ya kurudi, kutoka 100 kushuka hadi 80.

Bei ilipandishwa kwa 20%, baadaye ikapunguzwa kwa 20%. Si imerudi palepale?

Haikurudi. Tuseme ilikuwa 500. Kupanda 20% ni kuongeza 100, imefika 600. Sasa inashuka 20%, lakini 20% ya 600, si ya 500! Hiyo ni 120. Tumebaki na 480, pungufu kwa 4% ya tulikoanzia.

Kosa linatokana na kuiona asilimia kama mzigo: nimeupakia, nimeushusha, mizani imerudi sawa. Asilimia haina uzito wake yenyewe. Inaazima uzito kwa namba inayoizungumzia, na namba hiyo ikibadilika, nayo inabadilika. Kwa hiyo acheni kujumlisha na kutoa asilimia, zidisheni. Kupanda 20% ni kuzidisha kwa 1.2, kushuka 20% ni kuzidisha kwa 0.8, na 1.2 × 0.8 ni 0.96. Ukianza na kushuka ndipo upande, jibu halibadiliki.

Hujaulizia hili, lakini nitalisema. Kadiri anguko linavyokuwa kubwa, ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Kilichoshuka 50% kinahitaji kupanda 100% ili kirudi kilipokuwa. Kilichoshuka 80% kinahitaji kupanda 400%. Kwa hiyo mtu akikupigia debe kwamba uwekezaji wake "ulishuka 50% lakini mwaka uliofuata ukapanda 50%", usimpongeze. Amebaki na robo tatu ya alichokuwa nacho. Na tangazo la "punguzo la 30%, kisha 20% zaidi" si punguzo la nusu bei: 0.7 × 0.8 ni 0.56, kwa hiyo umepunguziwa 44%. Anayeandika tangazo anajua hivyo vizuri sana. Anategemea wewe hujui.

Nimelipa 340 baada ya punguzo la 15%. Nikitafuta bei ya awali naongeza 15% napata 391. Ni sahihi?

Si sahihi, na kosa ni lilelile la swali lililopita. Punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, wewe unalirudisha kwa kutumia bei mpya. 340 ni 85% ya bei ya awali. Gawanya 340 kwa 0.85: bei ilikuwa 400. Hakiki mwenyewe: 15% ya 400 ni 60, ukitoa unabaki na 340. Kuhakiki kunachukua sekunde chache, sijui kwa nini watu hawataki kuhakiki.

Asilimia inaweza kuzidi 100?

Kwa kupanda, ndiyo. Kutoka 50 hadi 150 ni ongezeko la 200%, ingawa 150 ni 300% ya 50. Soma sentensi hiyo mara mbili, maana "ongezeko la" na "ni asilimia fulani ya" ni vitu viwili. Kwa kushuka, kitu kisichoweza kuwa hasi hakishuki zaidi ya 100%. Mtu akikuambia matumizi yake ya maji yamepungua kwa 150%, muulize kama siku hizi anazalisha maji.

Mwaka jana chama chetu hakikuwa na mwanachama hata mmoja, mwaka huu tuko 12. Tumeongezeka kwa asilimia ngapi?

Hakuna jibu. Huwezi kugawanya kwa sifuri. Andikeni "kutoka 0 hadi 12" na hakuna atakayewacheka; mkiandika 1,200% nitakuwa wa kwanza kucheka.

Mkopo una riba ya 5% kwa mwezi. Kwa mwaka ni 60%, au nakosea?

Inategemea, na ninyi mnaokopa ndio mnaopaswa kuuliza inategemea nini.

Kama hulipi kitu mwaka mzima na riba inazaa riba, kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.05, mara kumi na mbili. Deni la 1,000 linafika karibu 1,796. Hiyo si 60%, ni karibu 80%. Kama riba haizai riba, hapo ndipo 60% yako inapata ukweli.

Lakini kuna mtego mbaya kuliko huo: hiyo 5% ni ya nini? Ya deni lililobaki, au ya kiasi ulichokopa siku ya kwanza? Chukua mkopo wa 1,200 unaorejesha 100 kila mwezi, pamoja na riba ya 5% ya mkopo wa awali. Riba ni 60 kila mwezi, haipungui. Mwezi wa kwanza unalipa 60 kwa kushikilia 1,200, sawa. Mwezi wa mwisho umebakiza deni la 100 tu, na bado unalipa riba ya 60. Kwa mwezi huo, riba ni 60% ya deni ulilo nalo. Kwenye karatasi bado panasomeka 5%, na hakuna aliyesema uongo. Mtu hakuuliza tu "asilimia ya nini?" kabla ya kutia sahihi. Ningekuwa na uwezo, mada hii ingefundishwa kabla ya aljebra.

Darasa moja limefaulu kwa 80%, jingine kwa 50%. Wastani wa shule ni 65%, siyo?

Una wanafunzi wangapi? Hukusema. Kama la kwanza lina 20 na la pili lina 80, waliofaulu ni 16 na 40, jumla 56 kati ya 100. Ni 56%. Ile 65% ni sahihi endapo madarasa yana idadi sawa.

Kwenye kikokotoo kimoja 200 + 10% inaleta 220, kwenye kingine 200.1. Kipi kimeharibika?

Hakuna kilichoharibika. Cha kwanza kinadhani unataka 10% ya 200. Cha pili kinasoma 10% kama 0.1 na kuijumlisha hivyohivyo. Bonyeza 200 × 1.1 uachane na kitufe cha asilimia kabisa. Mimi sikigusi.

Riba ilitoka 10% ikawa 12%. Mtangazaji mmoja alisema imepanda 2%, mwingine 20%. Nimwamini nani?

Wa pili. Imepanda kwa pointi 2 za asilimia, au kwa 20% ya ilivyokuwa. Ukitoa asilimia kwenye asilimia, unachopata kiite pointi. Angalia pia nani anachagua lipi: anayetaka kukutuliza atasema 2, anayetaka kukutisha atasema 20. Habari za magonjwa ndizo zinazoumiza zaidi. Hatari ikitoka mtu 1 kati ya 10,000 ikawa watu 2 kati ya 10,000, imeongezeka kwa 100%, na kichwa cha habari kitakuwa "hatari imeongezeka maradufu". Ni kweli. Ila watu 9,998 bado hawajaguswa. Ukisoma habari ya namna hiyo, tafuta namba zenyewe, na zisipokuwepo endelea na shughuli zako.

Mwalimu, safari iliyopita uliandika kuwa waliofaulu walitoka 60% hadi 75%, ukaliita "ongezeko la 15%". Si ni 25%?

Ni 25%. Pointi ni 15. Umenikamata.