Sheria za Kujitungia

Wiki hii mmeuliza: ni kitu gani humzuia mtu mwenye kipaji asifanye kazi yake ya sanaa, na afanyeje? Wengi watataja uvivu au kukosa muda. Mimi nataja sheria, zile tunazojitungia wenyewe kisha tukaziogopa.

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Mike Rose, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi 10 wa chuo kikuu. Watano walikuwa wakikwama kuandika, watano hawakwami. Waliokwama hawakupungukiwa akili wala bidii. Walishikilia kanuni ngumu, kwa mfano kwamba mwanzo lazima umnase msomaji papo hapo, basi wakawa wanaandika na kufuta mwanzo huohuo. Wenzao nao walikuwa na kanuni, ila isipowafaa waliiacha.

Naandika hadithi, na kanuni za namna hiyo nazisikia kila nikikaa na wachoraji, washairi na wapiga muziki. “Siwezi kuanza bila chumba cha peke yangu.” “Nikiruka siku moja nimeshaharibu.” Hii ya pili inaniuma, kwa sababu imewatoa watu wazuri kwenye kazi bure kabisa. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18, wengine zaidi ya 200, na kwamba kukosa siku moja hakuivurugi.

Ndiyo maana simwambii aliyekwama ajitume zaidi. Ukiongeza bidii juu ya kanuni mbovu, unaongeza maumivu tu. Namwambia aiandike hiyo kanuni kwenye karatasi, na neno “lazima” liwemo, kisha siku hiyohiyo afanye kazi ndogo inayoivunja. Anayedai mwanzo kamili aanzie katikati. Mimi hadithi zangu huzianza kwenye ugomvi, mlango wa kuingilia nautafuta mwishoni.

Kanuni iliyo sugu kuliko zote ni ile ya kwamba kazi yako isipofikia ya wale unaowahusudu, heri isiwepo. Hiyo haivunjiki kwa siku moja. Kinachonisaidia ni kutomwonyesha mtu yeyote rasimu kabla haijafika mwisho, hata rafiki mwema, maana sifa zake nazo huniwekea kipimo kipya cha kuogopa. Ikishafika mwisho, mhariri na aje na kalamu yake nyekundu.