Wikendi moja, pesa kidogo: kipi kitangulie?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna Jumamosi na Jumapili tu za kutengeneza sebule na chumba cha kulala. Tunataka kupunguza vitu, kuziba nyufa na kupaka rangi. Pesa tuliyonayo ni ya vifaa, si ya fundi. Tuanzie wapi?

JIBU: Chagueni chumba kimoja. Viwili havitaisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii ni kusubiri vitu vikauke, na kusubiri hakupunguzwi na wingi wa mikono. Anayeharakisha hapa ndiye anayerudia kazi baada ya miezi mitatu.

Vitu vianze Ijumaa jioni. Msianze na picha wala barua za zamani, maana mtakaa mnazitazama hadi usiku wa manane. Anzeni na droo na rafu zenye vitu visivyogusa moyo: nyaya, chupa, dawa zilizopita muda, nguo zisizowatosha. Tengenezeni mafungu manne: vya kubaki, vya chumba kingine, vya kugawa, vya kutupa. Vile vinavyowashinda kuamua viingie kwenye boksi moja tu, lifungwe kwa tepu na kuandikwa tarehe. Ikipita miezi 6 bila mtu kulifungua, ligaweni. Mifuko ya kugawa iondoke nyumbani Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Ikilala mlangoni, vitu vitaanza kuchomolewa kimoja kimoja. Na tafadhali, msinunue vikapu wala maboksi ya kuhifadhia kabla ya kuchambua. Hamjui bado mmebakiza nini.

Jumamosi asubuhi sogezeni fanicha katikati ya chumba, zifunikeni, kisha shughulikieni nyufa. Ufa mwembamba kama unywele upanueni kwa ncha ya kikwanguo hadi uwe na umbo la V, kina cha milimita 3 hivi, ili puti (uji mzito wa kuzibia ufa) ipate pa kushika. Futeni vumbi, halafu lowanisheni kidogo kwa brashi. Plasta kavu hufyonza maji ya puti kabla haijashika, na puti hiyo hudondoka. Shimo la kina cha sentimita 1 lizibwe kwa awamu mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Mkilijaza mara moja, juu hukauka huku ndani kungali kubichi, puti husinyaa na ufa hurudi palepale. Ikishakauka kabisa, pigeni msasa namba 120, kisha futeni vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu. Kama nyumba ni ya zamani sana, rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Msiipige msasa ikiwa kavu, na watoto wakae mbali.

Rangi inaanza Jumamosi alasiri. Hesabu yake: chumba cha mita 3 kwa 4 kina mzunguko wa mita 14, zidisha kwa kimo cha ukuta cha mita 2.5, unapata mita za mraba 35. Toa 3 za mlango na dirisha, zinabaki 32. Kwa mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, ni 64. Lita 1 ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo kwa kuta nunueni lita 7. Ukuta ambao haujawahi kupakwa hunywa zaidi. Mkono wake wa kwanza uchanganywe na maji kama asilimia 10 ili rangi izame na kushika.

Tangulieni na dari. Ukutani, pakeni kingo kwa brashi, upana wa sentimita 5, kisha mpitishe rola kingo zikiwa bado mbichi. Mkizunguka chumba kizima kwa brashi kwanza na rola baadaye, mstari utaonekana kama fremu ya picha. Mkono wa pili uje Jumapili asubuhi. Usiku wa Jumamosi msioshe rola. Ifungeni vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, itaamka laini.

SWALI: Tulipaka rangi mwaka jana, tayari inababuka chini ya ukuta hadi usawa wa goti, na kuna unga mweupe. Tupake ya mafuta ili izuie?

JIBU: Hapana. Unga huo ni chumvi inayoletwa na maji yanayosafiri ndani ya ukuta. Rangi ya mafuta huyafungia ndani, nayo itainuka kama malengelenge.

Bandikeni kipande cha plastiki cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, tepu pande zote nne, mkiache saa 48. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha na kuliacha kabati sentimita 5 mbali na ukuta. Kama ni ya ukutani, kagueni nje: udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu (unatakiwa uwe chini yake kwa sentimita 15), mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja. Chumvi iondoeni kwa brashi kavu, maana ikioshwa huyeyuka na kurudi ndani.

Ukuta huu si wa wikendi hii. Pakeni kuta tatu nyingine, huu uacheni ukauke.

SWALI: Bomba la jikoni linadondosha maji hata nikilikaza kwa nguvu zote.

JIBU: Acha kulikaza, ndugu msomaji. Kila unapolikaza unaikata wosha ya mpira iliyo ndani na kuuchubua mdomo wa shaba ambao wosha huukalia. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku.

Funga maji kwenye valvu kuu, fungua bomba hadi liishe maji, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Toa mkono wa bomba, legeza nati kwa spana, chomoa mhimili (kile chuma kinachozunguka ukigeuza mkono). Wosha iko mwishoni mwake. Ichukue uende nayo dukani ulinganishe. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye ule mdomo wa shaba. Ukihisi mikwaruzo, wosha mpya haitadumu, afadhali ubadili bomba.

Maji yakitokea chini ya mkono na si pale bomba linapomwagia maji, wosha haina kosa. Zungushia mhimili utepe wa tefloni, ukaze nati kidogo tu. Bomba la kufungua kwa robo mzunguko kwa kawaida halina wosha. Hubadilishwa kifaa chote cha ndani.

SWALI: Mlango wetu unakwaruza sakafu. Tumeambiwa tuupige randa. Ni sawa?

JIBU: Kwanza ushike upande wa kitasa uuinue. Ukicheza, skrubu za bawaba ya juu zimelegea, na randa itaharibu mlango mzima bila sababu. Weka kabari chini, toa skrubu za bawaba hiyo peke yake. Jaza matundu kwa vijiti vya kuchokolea meno vilivyopakwa gundi ya mbao, acha ikauke usiku kucha, kata vilivyozidi, rudisha skrubu.

Kama bawaba ni imara na mlango hukwama wakati wa mvua tu, mbao imenywa unyevu. Subiri kiangazi, kisha paka rangi ukingo wa juu na wa chini, ambako mara nyingi hapapakwi kwa kuwa hapaonekani.