Kanga wa Treviso kwa jubilei ya wazee

Mkuu, umeuliza upike ndege gani wa Kiitaliano kwenye jubilei ya ndoa ya wazee wako hapo Arusha, wageni 12, na umesema fagiano, yule ndege wa mawindo wa Ulaya mwenye mkia mrefu, ndiye aliyekuvutia. Fagiano achana naye. Kumpata huko ni kujitafutia presha ya bure, na hata huku Veneto, kaskazini mwa Italia, ninakofanya kazi jikoni, familia ikiwa na jambo lake mara nyingi huagiza faraona, yaani kanga. Huyo yuko huko huko kwenu, na asili yake ni Afrika. Nunua wa kufugwa. Wa porini waachie wenye vibali.

Kwa shughuli yako ningepika kanga wa kuoka na sosi ya peverada, yaani sosi ya maini na pilipili manga, chakula cha Treviso, mji wa huku Veneto, na vijiji vyake. Heshima yote ya sahani hii iko kwenye sosi, na sosi unaipika mapema, kwa hiyo wageni wakifika huhangaiki na sufuria kumi.

Kwanza umri wa ndege. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari kwa kidole gumba. Ikipinda, huyo bado mchanga, mwoke. Ikigoma, umeuziwa mzee. Mkate vipande umchemshe polepole na divai na vitunguu saa mbili au zaidi, maana oveni haitamlainisha. Kanga wa kilo moja na robo hadi moja na nusu anatosha watu wanne, hivyo wewe chukua watatu, pamoja na maini yao. Muuzaji akikwambia maini yametupwa, nunua ya kuku.

Usiku wa kuamkia sherehe wafute maji vizuri, wapake chumvi ndani na nje, waache kwenye friji bila kuwafunika ili ngozi ikauke. Nyama ya kanga haina mafuta, na kidari hukauka wakati paja bado lina damu. Waitaliano humfunika kifua kwa panseta, ambayo ni nguruwe. Kama kuna wageni wasiokula, ingiza vidole taratibu kati ya ngozi na nyama, usukumie humo siagi iliyochanganywa na rozmari na ganda la limau lililokwaruzwa. Binafsi naipenda hiyo ya siagi hata pale panseta ipo.

Oveni nyuzi 180. Dakika 40 za kwanza kifua kiangalie chini, kisha mgeuze, umwagie mafuta yake mwenyewe kila baada ya muda, kwa nusu saa nyingine hivi au zaidi kidogo. Kipimajoto kikisoma 74 kwenye sehemu nene ya paja, mtoe, apumzike dakika 15. Usiwabane watatu kwenye trei moja, watatoka wamechemka kwa mvuke.

Sasa peverada. Kwa ndege watatu: maini gramu 400 hivi (ya kanga watatu hayafiki, jazia ya kuku), soppressa gramu 200 (ni salami ya nguruwe ya huku, salami ya ng'ombe inafaa), anchovi (visamaki vya chumvi) za mafuta minofu 8, pasli fungu moja, ganda la limau moja. Katakata vyote kwa kisu mpaka viwe vidogo sana. Blenda weka mbali, itakupa uji wa kijivu. Kaanga punje tatu za kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, zikianza kubadilika rangi zitoe, mimina mchanganyiko, koroga kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Malizia kwa maji ya limau, siki vijiko vitatu vinne, na pilipili manga nyingi, ya kusaga pale pale. Onja: siki isikike wazi. Chumvi ngoja kwanza, anchovi na salami tayari zinayo.

Pembeni weka polenta. Wewe unayejua kusonga ugali hutapata shida, ila hii ni laini zaidi na inakaa motoni dakika 45: unga wa mahindi wa njano uliosagwa kwa chenga, kilo moja kwa lita nne za maji. Huku mboga ya msimu wa baridi ni radikio, chungu kidogo. Kwenu ningeweka mnavu, uchemshwe kidogo, ukamuliwe, urushwe kwenye mafuta na kitunguu saumu. Uchungu wake unakata ule uzito wa maini.

Kanga mkatie jikoni, vipande vinane kila mmoja. Mambo ya kumkata mezani mbele ya wazee ni ya kwenye filamu, nyama inapoa na mifupa inaruka. Panga kwenye sinia, peverada ya moto iende kwenye bakuli lake na kijiko, kila mtu ajimiminie. Wasiokula maini utawajua, wape mchuzi wa kwenye trei.

Sosi ikibaki, ipashe kesho yake uipake kwenye mkate uliobanikwa. Oveni yako ni ya gesi au umeme? Kama ni ya gesi ya moto wa chini tu, niambie, muda unabadilika.