Mikataba ya Biashara Huria na Ajira Zetu: Majibu kwa Wasomaji

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu jambo moja: je, mikataba ya kuondoleana ushuru na mataifa mengine inaleta kazi au inaziondoa? Nimechagua manne.

Kwa nini Kenya ilitia saini EPA, yaani mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ilhali Tanzania ilikataa, na zote ni za Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Kwa sababu nchi hizi mbili haziingii Ulaya kwa mlango mmoja. Tanzania, kama Uganda, Rwanda na Burundi, imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na kwa utaratibu ambao Ulaya iliuanzisha mwaka 2001, nchi hizo huuza huko karibu kila bidhaa, isipokuwa silaha, bila kulipa ushuru na bila kutakiwa kufungua masoko yao. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mazungumzo yalipochelewa kukamilika, kuanzia Oktoba 2014 maua ya Kenya yalitozwa ushuru kwa takriban miezi mitatu, na mashamba ya Naivasha yakaona wazi nini kingefuata iwapo mkataba ungekosekana kabisa.

Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa pamoja wa jumuiya Septemba 2016. Nchini Tanzania Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipinga hadharani, akieleza kwamba viwanda vichanga vingezidiwa na bidhaa za Ulaya na kwamba serikali ingepoteza mapato ya forodha. Novemba mwaka huo Bunge likaishauri serikali isitie saini. Baada ya wakuu wa jumuiya kuruhusu mwaka 2021 kwamba aliye tayari atangulie, Kenya iliingia mkataba wake peke yake, uliosainiwa Nairobi Desemba 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024. Kenya itapunguza ushuru wake polepole, kwa baadhi ya bidhaa hadi miaka 25, na bidhaa nyeti kadhaa, zikiwemo za kilimo na nguo, hazikuguswa.

Kwa maoni yangu kila upande ulilinda ajira ulizokuwa nazo, na sioni msaliti hapa. Kinachonisikitisha ni kwamba tuna ushuru wa pamoja wa forodha, na ushuru wa Kenya utakapoanza kushuka, bidhaa ya Ulaya itaweza kuingia Mombasa kwa kiwango kimoja na Dar es Salaam kwa kingine, jambo litakalowarudishia maofisa wa mpakani Namanga kazi ya ukaguzi ambayo jumuiya ilikusudia kuipunguza.

Ni kweli kwamba mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu vya nguo?

Mitumba ilichangia, lakini haikuwa peke yake. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex ya Arusha na KICOMI ya Kisumu vilifikwa na ufunguzi wa masoko wa miaka ya 1980 na 1990 vikiwa tayari na mitambo iliyochakaa, madeni, umeme usio wa uhakika na vyama vya ushirika vilivyoshindwa kumlipa mkulima wa pamba kwa wakati. Kiwanda cha namna hiyo hakihitaji mshindani mkali ili kianguke.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kwa awamu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, nafuu inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikabaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani. Watu wengi huiita AGOA mkataba, na hilo linatupotosha: ni sheria ya Marekani ya mwaka 2000, inayoweza kubadilishwa na Marekani bila kutuuliza.

Tuangalie pia ni kazi gani zililindwa. Nguo nyingi zinazoshonwa Athi River kwa ajili ya Marekani hutumia kitambaa kutoka Asia, kwa kuwa AGOA inaruhusu hivyo. Fundi wa cherehani hupata mshahara, nami siubezi, lakini mkulima wa pamba wa Simiyu au wa Busia hanufaiki na agizo hilo. Kwa upande wa pili wapo wauzaji wa mitumba wa masoko ya Gikomba (Nairobi), Karume (Dar es Salaam) na Owino (Kampala), ambao hawakuwa na mwakilishi mezani wakati wowote.

Je, kinga ya ushuru huokoa ajira?

Huokoa muda. Kwa miaka mingi Kenya ilipewa na COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ruhusa ya kuzuia sukari ya nje isiingie bila kikomo, ili viwanda vyake vijirekebishe, na ruhusa hiyo ikaongezwa tena na tena. Hata hivyo Mumias, kilichowahi kuwa kikubwa kuliko vyote, kiliwekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya wadai, kwa sababu ya madeni.

Mikataba hujadiliwa faraghani. Mwananchi aulize nini?

Aulize jedwali la ushuru: bidhaa ipi, mwaka upi, kwa kiwango gani. Aulize kanuni za uasili wa bidhaa, yaani ni sehemu gani ya kazi lazima ifanyike kwetu ndipo bidhaa ihesabiwe kuwa yetu. Katika Eneo Huru la Biashara la Afrika, hususan kwa nguo na magari, hapo ndipo mvutano ulipokuwa mkali. Kisha aulize ni kiwanda gani kitapungukiwa wafanyakazi, na watakwenda wapi.

Marekani ilianzisha mwaka 1962 mpango wa kuwalipia mafunzo na posho wafanyakazi waliopoteza kazi kutokana na bidhaa za nje, na mpango huo haukuwatosheleza wengi walioachishwa kazi baada ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Meksiko, kuanza mwaka 1994. Sisi hatuna hata huo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, inalo fao la kukosa ajira, lakini kibarua asiyechangiwa na mwajiri halipati. Ningependa wabunge wetu wakatae kuridhia mkataba wowote usioambatana na orodha ya sehemu za kazi zitakazoguswa na fungu la bajeti la kuwapeleka wafanyakazi wake VETA au chuo kingine cha ufundi, fungu ambalo limetengwa kabla ya ushuru kushuka.