Ukitaka Kuhakiki, Weka Muhali Kando

Visiwa vyetu vya Zanzibar vidogo. Mtu akitoa diwani leo, kesho unakutana naye sokoni Darajani, keshokutwa mmekaa mkeka mmoja kwenye hitima, na mkewe ni mtoto wa shoga yake mama yako. Akikuuliza, "Umekionaje kitabu changu?" utamwambia nini? "Mashaallah, kizuri." Ndivyo tunavyojibu kwa muhali, yaani kwa kuona haya kumuudhi mtu tunayejuana naye, na ndivyo zinavyokwenda shughuli nyingi za uzinduzi nilizowahi kuhudhuria: mgeni rasmi anasifu, mchapishaji anasifu, soda zinanyweka, watu wanatawanyika. Aliyeandika vizuri na aliyeandika ovyo wote wamerudi kwao na sifa zile zile.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na mara nyingi huombwa niseme maneno mawili matatu juu ya kazi za watu ninaowajua. Kilichonisaidia kusema kweli bila ya kumvunjia mtu heshima ni hiyo hiyo nadharia ya uhakiki ambayo wanafunzi wangu wanaiona ni adhabu ya mtihani. Inaniondoa kwa mtu na kunipeleka kwenye maandishi. Naona hiyo ndiyo kazi yake kubwa, hasa kwa watu tunaojuana kama sisi.

Chukua shairi la "Kimbunga" la marehemu Mzee Haji Gora Haji wa Tumbatu, lililoipa jina diwani yake ya mwaka 1994. Kimbunga kinaingia mjini, mibuyu inang'oka, minazi inasalimika. Lisome barazani uone. "Hiyo mibuyu ni nani, yakhe?" Mmoja atataja jina, wa pili atalikataa, wa tatu atamnong'oneza jirani yake, mpaka kahawa ipoe. Sina ugomvi na swali hilo, kwani fumbo mfumbie mjinga, na sisi hatupendi kuitwa wajinga. Lakini ukishamjua aliyesemwa, unabaki na nini mkononi? Umepata habari, na shairi bado hujalipima.

Hapo ndipo Shklovsky anaponifaa, yule mhakiki wa Kirusi aliyeandika mwaka 1917 kwamba sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni. Sote tumekulia chini ya miti hiyo miwili. Mbuyu tunauona haung'oki, watu wengine hata kuupitia usiku wanaogopa. Kwa mishororo michache Mzee Haji Gora ametufanya tuutazame upya. Mwenzangu anayependa Umaksi, nadharia inayotazama matabaka, atauliza jengine: nani mkubwa, nani mdogo, na kwa nini dhoruba imewageukia wakubwa? Maswali mawili tofauti, lakini yote yanatulazimisha turudi kwenye beti, na hakuna hata moja linalotaka tumpate mtu wa kumtaja. Wamarekani wawili, Wimsatt na Beardsley, walishasema mwaka 1946 kwamba nia ya mwandishi siyo mizani ya kuipimia kazi yake. Mfaransa Barthes, mwaka 1967, alikwenda mbali zaidi akamtangazia mwandishi kifo. (Kwetu mwandishi hafi. Anapita na vespa yake na kukupungia mkono.)

Ila usije ukaufanya mtazamo huo wa kumweka mwandishi kando kuwa msahafu. Nilipata kuwapa wanafunzi maneno ya wimbo wa "Kijiti" wa Siti binti Saad bila ya kuwaeleza kitu. Wakatafuta vina, wakaishia hapo. Nilipowaambia kwamba kisa ni cha kweli, kwamba mwanamke mgeni aliuawa, muuaji akatoroka, na waliofungwa ni wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, darasa zima lilibadilika. Wimbo ule unataka ujue mahakama ya kikoloni ilikuwa ikimhukumu nani. Kwa hivyo soma kazi kwanza, ndipo utafute nadharia inayoiuliza swali zito. Wengi wanaanza kinyume.

Na hapa niwaseme wanafunzi kidogo. Insha inaanza na ukurasa mzima wa ufeministi ulianza wapi na lini, kisha riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inapachikwa mwishoni: Yasmin amekandamizwa, shoga yake Mwajuma amejikomboa, kwisha. Mimi huandika pembeni: "Wapi?" Kitabu kinapoanza tu, uso wa Yasmin unafananishwa na tungule (nyanya), na muda si mrefu tunajua kwamba msichana huyo kaozwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Sasa uliza: jicho hilo linaloona tungule ni la nani? Msimulizi anaichukia ndoa ile, lakini yeye mwenyewe anamtazama bibi harusi kama anayechagua kitu gengeni. Kwangu mimi ni doa katika mwanzo wa riwaya ninayoipenda, na naona kitabu kinajisafisha pale Yasmin anapofika kwa Mwajuma, maana huko tunaanza kuuona ulimwengu kwa macho yake Yasmin. Unaweza kunipinga. Lakini utanipinga kwa kufungua kitabu.

Kuna kijana wa Pemba aliniletea mswada. Mizani, yaani hesabu ya silabi, zimekaa sawa, nane kwa nane, vina havina kasoro. Ila karibu kila ubeti una "jamani" au "enyi ndugu" iliyotiwa kujazia tu. Ningemwambia mashairi yako mabovu, tungekosana. Nikazipigia mstari wa penseli zote, nikamwambia asome akiziruka.

"Mwalimu, hapa mizani zitavunjika."

"Basi tafuta neno lenye kazi."

Alinuna, lakini alinunia penseli. Kuhusu kama mizani ni lazima, ubishi uliopamba moto tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974, hatukugusa. Yeye alichagua mizani, basi nimpime kwa alichokichagua.

Nawe ukitaka kuanza, anza na mwandishi ambaye huna muhali naye. Andika ukurasa mmoja tu, na kila sifa na kila lawama uifuatishe na mstari wa kitabuni. Ukishazoea, nenda kwenye kitabu cha jamaa yako, na ulichokiandika mpelekee yeye mwanzo kabla hujakiweka mtandaoni.