Mama, sindano ya sukari na joto la Tanga

Huku kwetu Ngamiani, mgonjwa wa sukari akianzishiwa sindano, jamaa huja kumpa pole huku wameshusha sauti. Mama yangu alizikataa kwa sababu ya pole hizo, na sukari ikazidi kupanda.

Dawa iliyomo kwenye sindano hiyo ni insulini, nayo hutengenezwa na kongosho la kila mtu mwenye afya. Ukila wali, wanga wake hugeuka sukari damuni. Insulini huiwezesha misuli kuipokea na hulizuia ini lisizidi kumwaga ya kwake. Mwenye aina ya kwanza hana insulini ya kutosha kumweka hai, na kabla ya mgonjwa wa kwanza kudungwa huko Toronto mwaka 1922, watoto wa namna hiyo walikuwa wakifa tu. Mama ana aina ya pili: mwili hauiitikii insulini vizuri, na kongosho nalo hupungukiwa nguvu mwaka hadi mwaka. Vidonge visipotosha, sindano hujazia kilichopungua. Basi wazee wetu wasitishwe.

Kinachoniumiza kichwa mimi ni joto. Insulini ni protini, na joto huiharibu hata bila kubadili rangi. Chupa mpya zikae frijini, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikishaganda, itupwe. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki 4 mahali pasipo joto kali, kwa hiyo andika tarehe juu yake. Pasipo na friji, weka mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati jaza mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Unyevu wa hewa ya pwani hupunguza ubaridi wa mtungi, hivyo usirundike humo akiba ya miezi.

Jasho la ghafla, kutetemeka, maneno kuchanganyika: sukari imeshuka. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na kwa wanaotaka kufunga, nendeni kliniki kabla Ramadhani haijaandama, daktari aamue kama inafaa na apange dozi upya. Mchana mpimeni sukari aliyefunga. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue papo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa.